Kanda za Kijani: Kazi Isiyokamilishwa na Shamba Moja

Katika vilima vya Tarime kijito kimoja huweza kupita kando ya mashamba ya watu arobaini kabla hakijaungana na kingine kilicho kikubwa zaidi. Watu thelathini na tisa wakiacha majani na miti kwenye kingo zao, na mmoja akalima mpaka ukingoni, mvua ya kwanza ya masika itashusha udongo wake mahali hapo hapo, na tope litafika kwa wote walio chini yake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupanda miti na kupanga sura ya nchi. Mti hupandwa na mtu mmoja katika shamba lake, naye huutunza au huukata apendavyo. Ukanda wa kijani hauna faida mpaka uwe umeungana, nao hauwezi kuungana mpaka majirani wawe wamekubaliana.

Kwa maneno mepesi, ukanda wa kijani ni kipande kirefu cha ardhi kinachoachwa au kupandwa majani na miti kwa kusudi maalumu, kikiunganisha mahali pamoja na pengine. Uko ukanda wa kando ya maji, ambao huzuia udongo na kutunza chemchemi. Liko pito la mifugo, ambalo huiwezesha ng'ombe kutoka maboma hadi malishoni na majini bila kukanyaga mazao. Uko pia ushoroba wa wanyamapori, ambao huwaachia wanyama njia kati ya eneo moja la hifadhi na jingine. Katika miji mikubwa ya ng'ambo kanda kama hizo hujulikana zaidi kwa matembezi ya jioni na baiskeli, na msomaji anaweza kudhani kuwa jambo hili ni anasa ya matajiri. Sivyo. Mji wa Boston nchini Marekani ulipoanza mwaka 1878 kutengeneza mlolongo wake wa bustani na vijito, sababu mojawapo kubwa ilikuwa maji machafu na mafuriko. Matembezi yalikuja pamoja na kazi hiyo.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti jambo hili ni la riziki. Mto Mara huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, husafiri kiasi cha kilomita 395, hupita Maasai Mara na kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha huingia katika ardhi ya vijiji, Tarime ikiwa ng'ambo ya kaskazini na Serengeti ng'ambo ya kusini, mpaka kwenye ardhioevu iliyo karibu na Kirumi na hatimaye Ziwa Victoria. Bonde lake lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 13,000, na karibu theluthi moja iko Tanzania. Mara nyingi husemwa kuwa uharibifu wote hutoka juu, yaani Mau, ambako mwaka 2001 Serikali ya Kenya iliondoa zaidi ya hekta 60,000 katika ardhi ya msitu uliohifadhiwa. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini vijito vya Tarime, kama Tigithe, havitoki Mau. Huanza na kuishia katika mikono ya wakulima wa hapa hapa. Mwezi Machi 2022 maji ya sehemu ya chini ya mto yalipogeuka meusi na samaki wakafa, kamati iliyoundwa na Serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza katika ardhioevu. Wengi walilipinga jibu hilo. Hata hivyo wakazi wa kando ya mto, walioliamini na wasioliamini, walikaa siku kadhaa bila maji ya kutumainiwa.

Nchi iliyojaa

Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu katika Mkoa wa Mara watu wapatao 720,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,372,015. Ardhi haikuongezeka. Katika miaka ya 1960 eneo la Lamai, lililo kati ya mto Mara na mpaka wa Kenya, liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mwaka 1994 Ikorongo na Grumeti zikapandishwa hadhi kuwa mapori ya akiba. Kwa hiyo watu zaidi ya mara tatu wa idadi ya zamani wanaishi katika nafasi iliyo ndogo kuliko ya zamani. Mashamba yamepanda vilimani na kushuka mabondeni, na ukingo wa kijito, ambao zamani uliachwa kwa kuwa ulikuwa na maji mengi mno, sasa ndio mahali pekee penye unyevu wa kustawisha mboga wakati wa kiangazi.

Ingekuwa kosa kufikiri kuwa wazee hawakupanga. Wakuria, Waikoma, Wanata na Wangoreme walikuwa na chemchemi zisizoguswa na vichaka vya mizimu visivyokatwa. Katika makabila ya magharibi mwa Serengeti, rika lililoshika nchi lilizunguka mipaka yake kwa miguu katika ibada ya kuituliza. Hiyo nayo ilikuwa ramani, iliyoandikwa kwa nyayo. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 hadi 1976 ilileta mpangilio wa namna nyingine: nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara, ili watu wafikiwe na shule, zahanati na maji ya bomba. Huduma nyingi zilifika kwa njia hiyo, na haipasi kusahauliwa. Lakini mistari ile ilifuata barabara, haikufuata maji wala mteremko wa nchi, na mapito mengi ya mifugo yaliyojulikana kwa majina yalipoteza wenyewe na kugawanywa kuwa mashamba.

Mita sitini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, mwambao wa bahari au ziwa la asili, au bwawa la maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inakazia jambo hilo hilo. Karibu kila katibu wa chama amekwisha kusikia habari za mita sitini mkutanoni. Ni wachache waliokwisha kuzipima kwa kamba na kuona zinavyomwangukia mwanachama.

Uchukuliwe mfano wa mwanachama mwenye shamba la ekari mbili, ambalo upande wake mmoja unapakana na kijito kwa urefu wa mita 80. Mita 80 zikizidishwa kwa 60 ni mita za mraba 4,800. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Maana yake ni kuwa karibu ekari moja na moja ya tano, ambayo ni zaidi ya nusu ya shamba lake, imo ndani ya ukanda. Jirani yake naye ana ekari mbili, lakini shamba lake ni refu na jembamba, likipanda kilimani, na linagusa kijito kwa mita 20 tu. Yeye anatoa mita za mraba 1,200, yaani chini ya theluthi moja ya ekari. Wa tatu, ambaye shamba lake liko juu ya kilima, hatoi hata hatua moja, ingawa watoto wake huteka maji katika kijito kile kile. Sheria ni moja kwa wote watatu, bali mzigo si mmoja.

Hapa ndipo mipango mingi ya kuhifadhi vyanzo vya maji inapokwama, na lawama humwangukia mkulima wa ukingoni, huitwa mkaidi na mharibifu wa mazingira. Pengine ni mtu anayejua hesabu. Mpango usiomwambia atakula nini badala ya mahindi ya mita sitini zake si mpango kamili, hata ukipigwa mihuri yote.

Liko pia swali la kahawa yenyewe. Mibuni mingi ya Tarime iliyo karibu na vijito ilipandwa na wazee kabla ya sheria ya mwaka 2004 kuwako, na mbuni ni zao la kudumu. Kwa upande wa kilimo ni wazi kuwa kahawa iliyowekewa matandazo na kupewa kivuli cha mringaringa au mruka humwaga udongo kidogo sana ikilinganishwa na shamba la mahindi lililolimwa kwa kufuata mteremko. Hiyo ni hoja ya kilimo, haigeuki kuwa ruhusa ya kisheria kwa kusemwa mkutanoni. Kifungu hicho cha 57 kinampa Waziri uwezo wa kuweka miongozo juu ya shughuli katika maeneo hayo. Kwa hiyo chama chenye wanachama ambao mibuni yao imo ndani ya mita 60 kinapaswa kuuliza kwa barua, katika halmashauri ya wilaya na katika Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na kutunza majibu katika jalada. Swali likiulizwa na chama kwa niaba ya wanachama sitini husikika kuliko likiulizwa na mtu mmoja aliyekwisha kutishiwa kung'olewa mibuni yake.

Jinsi ukanda unavyojengwa

Kilomita moja ya kijito, pande zote mbili, kwa mita 60 kila upande, ni hekta 12, au kiasi cha ekari 30. Eneo hilo lote halihitaji kupandwa miti. Kwa kawaida kazi ya kuzuia udongo hufanywa na majani mazito yaliyo upande wa shamba, na kazi ya kushika ukingo hufanywa na mizizi ya miti iliyo karibu na maji. Safu mbili za miti kila upande, mti mmoja kwa kila mita 5, ni miche 800 kwa kilomita moja. Ikiongezwa sehemu moja ya tano kwa ajili ya itakayokufa, kitalu kitoe miche 960. Kazi hiyo haizidi uwezo wa chama cha msingi chenye kitalu cha kahawa, kwa sababu mabwana na mabibi shamba, mifuko, udongo na maji ya kumwagilia vimekwisha kuwapo.

Aina ya mti ina maana kubwa. Mkaratusi umeingia katika mabonde mengi ya Tarime kwa sababu hukua upesi na nguzo zake zina soko, lakini ni mti unaovuta maji mengi, na haufai hata kidogo kwenye chemchemi. Si haki, hata hivyo, kumwamuru mwenye mikaratusi aikate yote kwa siku moja. Miti hiyo ndiyo ada za watoto na akiba ya maradhi. Utaratibu unaovumilika ni kumwacha avune kila mti unapokomaa, kisha visiki vizuiwe kuchipua na nafasi yake ichukuliwe na mkuyu, mringaringa, mruka au mianzi. Kwa njia hiyo chemchemi hurudishiwa kivuli chake kwa miaka michache bila mtu kufilisiwa.

Kwa upande wa majani, matete ya kulishia mifugo ndiyo yanayoweza kumlipa mkulima mapema, kwa kuwa hukatwa na kupelekwa zizini. Chama kinaweza kuamua kuwa haki ya kwanza ya kukata majani katika ukanda ni ya yule aliyetoa ardhi, na kwamba asiye na ng'ombe anaweza kuwauzia wenzake. Mizinga ya nyuki nayo yafaa kuwekwa humo, mbali kidogo na pito la ng'ombe. Ng'ombe wenyewe wasisahauliwe katika ramani. Ukanda uliofungwa kila mahali utavunjwa katika wiki ya kwanza ya kiangazi, maana mifugo ni lazima inywe. Ni bora kuchagua mahali pawili au patatu pa kunyweshea, pajengwe mawe chini ili kwato zisichimbe ukingo, au maji yavutwe kwa bomba hadi kwenye birika lililo nje ya ukanda, na pito la kufika hapo lipimwe na kuwekewa alama.

Vyama vyenye mitambo ya kumenyea kahawa vina wajibu wa ziada. Maji yaliyotumika kuosha kahawa huwa makali, na yakimwagwa kijitoni huondoa hewa ambayo samaki na wadudu wa majini huitegemea. Mashimo ya kupokelea maji hayo na maganda yachimbwe nje ya mita 60. Ni vigumu kwa chama kumwomba mwanachama aache ekari yake ikiwa bomba la chama chenyewe linatiririsha uchafu chini ya daraja.

Kuhusu malipo ya kazi, kuna funzo zuri kutoka kwa jirani. Green Belt Movement, chama kilichoanzishwa Kenya mwaka 1977 na Wangari Maathai, ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, kiliwalipa akina mama kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche uliopona. Mche uliopandwa tu haukulipiwa. Tofauti hiyo ndogo huondoa sherehe za kupanda miti ambazo mwaka unaofuata hubakiza vijiti vikavu.

Serengeti si Tarime

Yaliyosemwa juu ya vijito vya vilimani hayawezi kuhamishwa kama yalivyo hadi Wilaya ya Serengeti. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi na mapori ya akiba, kichaka kirefu kilichoungana kutoka mpakani hadi katikati ya mashamba ni barabara ya tembo. Mkulima anayelala shambani akipiga debe usiku kucha ana haki ya kuuliza kwa nini atakiwe kuitengeneza barabara hiyo kwa mikono yake.

Katikati ya miaka ya 1980 tembo waliohesabiwa katika Hifadhi ya Serengeti walikuwa chini ya 500, wengine wakiwa wameuawa na majangili na wengine wamekimbilia ng'ambo ya Kenya. Hesabu ya mwaka 2014 ilikuta zaidi ya 7,000 katika ikolojia nzima ya Serengeti na Maasai Mara. Kwa taifa hayo ni mafanikio makubwa. Kwa mwenye ekari tatu za mtama na mihogo karibu na mpaka, mafanikio hayo huingia shambani saa nane za usiku. Wakati huo huo wanyama wanaohama, wakiwamo nyumbu zaidi ya milioni moja, hupita kila mwaka katika Grumeti na Ikorongo wakielekea mto Mara, na njia zao zikizibwa, msukosuko wao hautabaki ndani ya mipaka ya hifadhi.

Kwa sababu hiyo, katika Serengeti kinachopangwa kwanza ni mpaka wenyewe. Sheria ya Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza makazi na shughuli zinazodhuru wanyamapori ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi bila ruhusa ya Mkurugenzi wa Wanyamapori, na kanuni za mwaka 2018 zinaeleza namna ya kutenga shoroba, maeneo ya mtawanyiko na njia za kuhama. Pale kijito kinapotoka hifadhini na kuingia kijijini, yafaa ukanda wake uwe wa majani mafupi na miti michache iliyo mbalimbali, ili mtu aweze kuona mbali, na mahindi yasiwe zao la kwanza kukutana na mnyama. Pilipili ni bora kukaa mbele. Uzio wa mizinga ya nyuki, uliojaribiwa kwanza nchini Kenya, hufungwa kwa waya unaounganisha mizinga, ili tembo akisukuma waya mizinga itikisike na nyuki watoke. Nafasi ya kawaida ni mita 10, mzinga mmoja wa kweli na mmoja wa bandia kwa kupokezana. Kilomita moja hivyo inahitaji mizinga ya kweli ipatayo 50. Si dawa ya kila kitu. Wakati wa ukame nyuki huhama, na mizinga isiyo na nyuki haimtishi tembo. Lakini asali inauzika, na chama kinajua kuuza.

Vijiji vitano vya Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Nata-Mbiso na Makundusi vilichukua njia nyingine: vilitenga sehemu ya ardhi yao, kilomita za mraba zipatazo 242, na kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona. Kwa upangaji wa sura ya nchi huo ni mfano mkubwa kuliko yote katika wilaya hizi mbili, kwa kuwa wanyama wameachiwa nafasi kwa uamuzi wa vijiji, na mapato ya utalii hurudi vijijini. Udhaifu wake ni ule ule wa mita sitini: mapato hufika katika akaunti ya kijiji na kujenga darasa, bali hasara hufika katika shamba la mtu mmoja. Kwa mazao yaliyoliwa Serikali hutoa kifuta jasho, na kwa aliyeuawa, kifuta machozi, kwa kanuni zilizotungwa mwaka 2011. Majina yenyewe yanaonyesha kuwa si fidia. Na hata hicho kidogo hakipatikani bila taarifa ya mapema na tathmini iliyoandikwa. Katibu anayetunza daftari la mashamba ya wanachama, ukubwa wake na mazao yaliyomo, humrahisishia sana mwanachama wake siku ya tathmini.

Nani mwenye neno

Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji si mali ya chama cha ushirika. Kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007, huandaliwa na halmashauri ya kijiji, hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kupelekwa wilayani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 11, inaruhusu halmashauri za vijiji viwili au zaidi kufanya makubaliano ya pamoja juu ya ardhi iliyo sehemu katika kijiji hiki na sehemu katika kile. Kifungu hicho hutumiwa mara chache kuliko kinavyostahili. Vijito na mapito ya mifugo havijui mpaka wa kijiji, na mara nyingi wanachama wa chama kimoja cha msingi wako katika vijiji viwili au vitatu, hivyo chama ni mahali ambapo majirani wa kijito kimoja wamekwisha kuzoea kukaa pamoja na kupiga kura.

Imani nayo ina uzito wake. Katika vijiji vya Tarime vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, kama Kegonga, Nyandage, Gibaso na Karakatonga, mgogoro wa mipaka na vigingi umedumu kwa miaka mingi. Katika mazingira hayo mtu mwenye kamba na kitabu hutazamwa kama mtangulizi wa kuhamishwa. Hakuna hotuba itakayoondoa shaka hiyo. Inapunguzwa kidogo kidogo pale vipimo vinapochukuliwa mbele ya wenye mashamba, na nakala ya ramani inapobaki kijijini badala ya kwenda wilayani peke yake.

Kuna sababu mpya ya kuwa na ramani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ambayo kuanza kutumika kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kahawa inayoingia huko ionyeshe mahali shamba lilipo, na kwamba shamba hilo halikukatwa kutoka msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Vyama vya kahawa vitalazimika kupima mashamba ya wanachama. Itakuwa hasara kufanya kazi hiyo kwa ajili ya mnunuzi tu. Ramani hiyo hiyo ikichorwa vijito na mapito, chama kitaona kwa mara ya kwanza nani hasa anapakana na maji.

Mfano wa jambo hili kufaulu uko karibu, Shinyanga. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 haukubuni kitu kigeni. Ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga sehemu ya malisho mpaka kiangazi, na eneo lililorudi kuwa na miti na majani lilizidi hekta 300,000. Watu waliikubali kazi hiyo kwa kuwa mwezi Septemba, majani yalipokauka kwingine kote, mwenye ngitili alikuwa na cha kulisha ng'ombe wake.

Makatibu watakaotaka kuanza wanaweza kuanza mwezi Agosti au Septemba, maji yanapokuwa machache na kila chemchemi iliyo hai ikijulikana. Kijito kitembelewe kwa miguu kuanzia chanzo, pamoja na wenye mashamba, mzee mmoja anayeyakumbuka mapito ya zamani, na wanawake wanaoteka maji, maana wao ndio wajuao chemchemi ipi imekauka na mwaka gani. Daftari liwe na safu tano: jina la mwenye shamba, urefu wa ukingo wake kwa mita, kilichopandwa sasa, eneo atakalolitoa, na anachokiomba badala yake. Safu hiyo ya tano ijazwe kwa maneno yake mwenyewe, isomwe kwa sauti mbele yake kabla ya kuondoka shambani, na kupelekwa katika mkutano mkuu pamoja na zile nne nyingine.